Saini za Jumapili

Gunia la ndagala halijulikani kwa juu. Juu kila mchuuzi huweka samaki wazuri, wakavu, wanaong'aa. Mchanga hukaa chini. Kwa hiyo ninapokwenda kununua kwa wavuvi hapa Makobola, kabla ya kusema bei, ninapitisha mkono hadi mwisho wa gunia na kuhisi kwa vidole. Wengine hununa. Safi, jirani yangu tunayeanika naye samaki, hucheka.

"Mama Kaneza, weye utatafuta mchanga hata ndani ya bugali!"

Shule niliiacha nikiwa mwaka wa nne wa msingi. Kifaransa kidogo ninachokisoma nilijifunza mtu mzima, kwenye kaye, madaftari ya binti yangu Kaneza, neno moja moja, nikimuuliza yeye maana. Alipoingia sekondari walimpa jurnali ya darasa, kitabu ambamo mwanafunzi huandika kila somo alilofundishwa siku hiyo. Kila juma mzazi anapaswa kukisaini. Wazazi wengi husaini wamesimama, kitabu kikiwa juu ya paja. Mimi husoma. Jumapili, tukitoka misa, Kaneza huweka jurnali mezani, nami hupita Jumatatu hadi Jumamosi, somo kwa somo. Nikimaliza ninaandika herufi G, ya kwanza ya jina langu, mstari mmoja chini yake, na pembeni idadi ya masomo niliyoyahesabu. Juma lililo kamili lina masomo thelathini na sita.

Shule yetu ilikuwa na opsio moja, mchepuo mmoja wa masomo, tangu zamani: Pedagojia. Ukizaliwa Makobola na ukafika sekondari, unakuwa mwalimu, upende usipende. Tunao walimu wengi kuliko madarasa. Wanavua samaki, wanaendesha pikipiki, diploma zao ziko ndani ya masanduku. Kwenye kituo cha afya, hata hivyo, kuna hadubini iliyofunikwa kitambaa, maana hakuna anayejua kuitumia. Kipindupindu kikiingia, vipimo hupelekwa Uvira. Majibu hurudi mgonjwa akiwa amekwisha kupona, au amekwisha kuzikwa.

Ndiyo maana Prefe Toussaint, mkuu wa shule, alipotangaza darasa jipya la Biokimia, opsio aliyoianzisha miaka miwili kabla, Kaneza alikuwa wa kwanza kuandikishwa. Anataka kusoma maabara, kisha arudi aondoe kile kitambaa. Chuo cha maabara hakichukui mtu wa Pedagojia. Sasa alikuwa darasa la mwisho, wao kumi na mmoja, na mtihani wa Serikali ulikuwa miezi sita mbele.

Jumamosi moja mvua ilitishia, nikaingia ndani kutafuta turubai la kufunikia samaki. Nikafungua sanduku la Kaneza. Chini ya nguo kulikuwa na jurnali nyingine.

Nilidhani ni ya mwaka uliopita. Lakini jalada lilikuwa jipya, na mwaka ulioandikwa ulikuwa huu. Jina: Kaneza. Opsio: Pedagojia.

Nikakaa kitandani. Nje Safi aliita, "Mama Kaneza, mvua iyo!" Nilisoma: saikolojia, didaktiki, namna ya kufundisha hesabu watoto wadogo. Hakuna kemia hata siku moja. Na chini ya kila juma kulikuwa na G, mstari, na namba.

Haikuwa saini yangu. Ilifanana sana, lakini haikuwa yangu. Namba ilikuwa thelathini na sita kila juma, bila kukosa, hata lile juma la maziko ya Padri, shule ilipofungwa siku mbili. Na kalamu ya bic ilikuwa ileile, kana kwamba majuma kumi na mawili yamesainiwa kwa jioni moja.

Nilirudisha jurnali mahali pake. Ndagala wakalowa siku ile.

Sikumwuliza kitu. Mtu akiuliza kabla ya kuangalia, anajibiwa anachotaka kusikia. Labda Kaneza alifukuzwa Biokimia kwa kushindwa na anaona haya. Labda haendi shule kabisa. Labda kuna mtu. Jumatatu nilijitwika beseni tupu nikapita nyuma ya darasa lao. Alikuwepo, benchi la pili, na ubaoni kulikuwa na herufi na namba ndogo za kemia. Jumanne nikapita tena, yupo. Jumatano hakuwepo. Nilizunguka uwanja polepole hadi shule ya msingi ya jirani. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama mbele ya watoto wa mwaka wa pili, chaki mkononi, akiwafundisha kujumlisha. Mwalimu wao alikuwa amekaa nyuma akiandika maksi.

Kaneza aliporudi mchana huo, niliweka jurnali zote mbili juu ya meza.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Ni wako, Mama."

"Wangu? Juma la maziko ya Padri mlisoma siku nne. Hapa nimehesabu thelathini na sita. Minye nilihesabia wapi, makaburini?"

Aliangalia miguu yake. Kaneza hajui kusema uongo kwa mdomo. Kwa bic tu ndiyo alikuwa amejifunza.

"Prefe alisema ni ya enspekta akija kukagua. Wote kumi na mmoja tumeandika. Tulinakili kwa wale wa Pedagojia. Na Jumatano tunafanya staji ya kufundisha kwa watoto wadogo. Alisema tusiogope, ni karatasi tu."

"Na saini?"

"Alisema mzazi asaini. Nilijua weye utauliza."

"Ningeuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo ukanisainia."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kulia, nikafanya la tatu: nilizifunga zile jurnali ndani ya kitenge pamoja na za miaka mitatu ya nyuma, na saa hiyohiyo nikaenda kwa Prefe.

Prefe Toussaint ni mtu anayevaa tai hata jua likiwaka. Nusu ya kijiji imepita mikononi mwake. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya boksi la chaki. Nilifungua kitenge. Aliziangalia jurnali bila kuzigusa.

"Mama Kaneza, mtoto wako hakukwambia kwamba ni wewe uliyesaini?"

"Aliniambia. Lakini minye iko najua kuhesabu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akanieleza, na nilimwacha aeleze hadi mwisho. Shule yetu ina kibali cha Pedagojia peke yake. Faili la Biokimia liko Bukavu mwaka wa sita sasa, bila jibu. Darasa la kwanza alilofungua aliliandikisha kwenye shule moja ya Songo, Uvira, yenye kibali. Wakafanya mtihani kama watoto wa kule. La pili hivyohivyo. Lakini mwaka huu Songo kuna prefe mpya, mwanamke, na yeye anataka barua: Prefe wa Makobola aandike kwa mkono wake kwamba watoto hawa wamesomea Biokimia kwake.

"Barua hiyo ni shingo yangu, Mama. Ni kusema mwenyewe kwamba nilifundisha bila kibali."

"Kwa hiyo umewaandika Pedagojia."

"Bado. Orodha inafungwa kesho kutwa, Ijumaa saa sita. Nilifikiri, watoto wana akili. Miezi sita inatosha kujifunza didaktiki. Wakipata diploma, ni diploma. Uwalimu si aibu."

"Si aibu. Lakini ile hadubini itafunuliwa na nani? Na wasipofaulu mtihani wa masomo ambayo hawakuyasoma?"

Sikumwona kuwa mtu mbaya. Huo ndio ulikuwa ugumu wake. Mtu anayetia mchanga ili apate faida, najua namna ya kumwambia. Huyu alitia mchanga ili gunia lisionekane pungufu, watoto wasituhame.

"Andika hiyo barua, Prefe," nilisema. "Minye nitaipeleka."

"Nipe hadi jioni."

Jioni alinipa bahasha. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na muhuri wa shule ulipigwa juu ya mkunjo, nusu kwenye kifuniko, nusu kwenye bahasha yenyewe. Ndivyo shule zinavyoandikiana hapa kwetu: karatasi hupita mkononi mwa mzazi, lakini mzazi haoni ndani.

"Usifungue, Mama Kaneza. Ikifunguliwa haifai kitu."

Ijumaa? Hapana, sikungoja Ijumaa. Njia yetu sikuanza kuifahamu leo. Mvua ikinyesha milimani, mito hukata barabara. Alhamisi asubuhi tulipanda pikipiki, Kaneza katikati, mimi nyuma, jurnali ndani ya kitenge, bahasha kifuani. Kabla ya nusu ya safari tulikuta mto umejaa. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba migomba mizima. Watu walikaa pembeni wakingoja yapungue. Mama mmoja alikuwa akiuza bugali na samaki kando ya njia, na biashara yake ilikwenda vizuri.

Tulingoja saa mbili. Mtu anayengoja hufikiri. Nilitoa bahasha nikaipima kwa vidole. Ilikuwa nyembamba, labda karatasi moja. Watoto kumi na mmoja, miaka minne, maksi zao zote, kwenye karatasi moja? Niliinua juu nikaitazama kwenye mwanga. Sikuona kitu.

"Mama," Kaneza alisema, "usifungue."

"Sijasema nafungua."

"Nakujua."

"Mtu aliyewafundisha watoto kumi na mmoja kuandika uongo kwa bic, atashindwa kuuandika mwenyewe? Tukifika kule tukakuta imeandikwa Pedagojia, tutamlilia nani? Orodha itafungwa na sisi tukiwa na muhuri mzuri mkononi."

"Mama, alisema ikifunguliwa..."

"Hata muuza samaki huniambia nisiguse chini."

Nikapitisha ukucha chini ya mkunjo.

Karatasi ilikuwa moja, kweli, lakini ilijaa pande zote mbili, maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Majina kumi na moja. Opsio: Biokimia. Maksi za kila mwaka, somo kwa somo. Mwisho, kabla ya saini yake, aliandika: "Kosa, kama lipo, ni langu. Wanafunzi hawakujua kwamba shule haina kibali."

Niliisoma mara mbili. Ndani ya gunia lile hapakuwa na punje ya mchanga.

Kaneza aliisoma juu ya bega langu. Akasema taratibu, bila kejeli, "Sasa weye ndiye umeharibu."

Nilikwenda kwa yule mama wa bugali nikamwomba kipande kidogo. Alidhani nina njaa, akanipa na samaki juu yake. Nilikisugua kati ya vidole kikawa laini kama gundi, nikapaka, nikabana mkunjo juu ya goti. Bahasha ilishika. Lakini karatasi ilikuwa imechanika kidogo nilipofungua, na nusu mbili za muhuri hazikukutana tena. Jina la shule lilikatika katikati kama mtu aliyevaa shati akakosea vifungo. Niliitazama hivyo. Nikafikiria jurnali iliyokuwa ndani ya sanduku. Nikaifuta gundi kwa kitenge, nikaiacha bahasha wazi.

Maji yalipopungua tulivuka. Madamu Agathe, prefe wa ile shule ya Songo, alitupokea ofisini akiwa amesimama. Hakuichukua barua. Aliangalia muhuri tu.

"Nani ameifungua?"

"Minye, Madamu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kuna mchanga."

Alimgeukia Kaneza, na Kaneza akamweleza: biashara yangu, magunia, mkono wangu. Madamu Agathe hakucheka.

"Barua iliyofunguliwa inaweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote," alisema. "Makaratasi ya uongo nayaona hapa kila siku. Nitajuaje?"

Nilifungua kitenge nikampangia mezani jurnali nne, mwaka wa kwanza hadi wa nne. Ile ya tano niliiweka kando na kumwambia ni nini, maana angeiona tu. Alikaa. Alifungua hapa na pale, akasoma masomo ya kemia, akashuka na kidole hadi kwenye saini.

"Hizi namba ni za nini?"

"Ni masomo niliyohesabu."

"Kila juma?"

"Kila Jumapili."

Alichagua ukurasa mmoja akahesabu mwenyewe, midomo ikitembea. Thelathini na moja. Akatazama namba yangu. Alichagua mwingine. Kisha akavua miwani.

"Huyu binti nimemwamini. Naweza kumwandika sasa hivi. Hawa kumi wengine, hapana. Prefe wenu aje mwenyewe na muhuri wake, aandike mbele yangu, kesho kabla ya saa sita. Na ujue, Mama, bahasha iliyofungwa ningeiweka ndani ya faili bila maswali. Hii sasa nitalazimika kuipeleka kwa enspekta pamoja na maelezo."

Sitajificha: nilimwacha aandike jina la Kaneza kwanza. Nilitazama bic yake hadi ilipofika mwisho wa jina. Ndipo nilipotoka nje kupiga simu.

"Prefe, minye nilifungua."

Upande wa pili nilisikia watoto wakiimba jedwali la kuzidisha.

"Ulikuta nini?"

"Ukweli."

"Na bado?"

"Na bado niliiharibu. Wanataka uje mwenyewe. Vinginevyo ni Kaneza peke yake."

Aliguna. "Ungenipa hata siku moja ya kuaminiwa, Mama Kaneza," alisema. Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Tulilala kwa dada wa mume wangu. Asubuhi tulikaa kwenye ngazi za shule, mahali panapoonekana barabara inayopanda kutoka ziwani. Saa tatu. Saa nne. Nilifikiri: akija, anapoteza kazi, asipokuja, bado anaweza kuwaandika wale kumi Pedagojia, na hakuna wa kumsumbua ila mimi. Mimi katika nafasi yake ningefanyaje? Sikupata jibu nililolipenda. Saa tano Kaneza aliacha kuitazama barabara.

Saa tano na nusu alipanda kwa miguu, matope hadi magotini, tai mfukoni. Pikipiki ilikuwa imemwacha mtoni. Alikuwa amevushwa mgongoni mwa mtu. Muhuri aliufunga ndani ya leso. Alitusalimu wote wawili kama vile tumekutana sokoni, akaingia, akaketi, akaandika barua upya mbele ya Madamu Agathe, jina kwa jina. Kabla ya kusaini aliigeuza karatasi kuelekea kwangu.

"Pitisha mkono, Mama."

Niliona haya. Lakini niliisoma yote, niliyahesabu majina hadi kumi na moja, kisha nikaitikia kwa kichwa. Akasaini.

Barua ya enspekta ilifika Makobola baada ya majuma matatu. Prefe Toussaint aliondolewa uprefe. Alipewa ruhusa ya kubaki mwalimu wa kemia kwa wale kumi na mmoja hadi Juni, kwa kuwa sasa walikuwa watoto wa Songo wanaosomea kwetu. Darasa lililowafuata lilifungwa siku hiyohiyo. Wanafunzi wake waliambiwa wachague: Pedagojia, au watafute shule mjini. Neno Biokimia lilifutwa ukutani kwa chokaa, lakini mvua ikinyesha linaonekana tena kidogo.

Furaha, binti wa Safi, alikuwa katika darasa hilo lililofungwa.

Safi hakunitukana. Siku nyingi tulianika samaki bila kusemezana. Mwisho alisema, akiwa ameinama, "Weye ulitafuta mchanga hadi ukauona. Na Furaha wangu?"

"Songo watamchukua. Nitaongea na Madamu."

"Atalala wapi Songo? Atakula kwa nani? Weye uko na wifi kule. Minye niko na nani?"

Niligeuza samaki upande wa pili.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Safi aliingia kwangu na jurnali mkononi. Hajui kusoma, miaka yote alikuwa akichora msalaba mahali pa saini bila kuuliza. Aliiweka mezani.

"Nisomee," alisema. "Minye pia nataka kujua wanamfundisha nini."

Nikavuta kiti. Opsio: Pedagojia. Nikamsomea Jumatatu, nikamsomea Jumanne, saikolojia, didaktiki, usafi wa darasa. Safi alisikiliza mikono ikiwa magotini. Jumatano, baada ya somo la mwisho, kulikuwa na mstari wa ziada, kwa maandishi madogo: "Kemia, kwa Mwalimu Toussaint. Nimekaa nyuma, darasa la kina Kaneza."

Nilikwama hapo. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba yake. Enspekta akiliona, atauliza nani amemruhusu.

"Kuna nini?" Safi aliuliza.

Nikamwambia kilichoandikwa. Akasema, "Hakuniambia." Na baada ya muda, "Nimwambie afute?"

Nilimaliza Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kidole kwenye mstari, kisha nikarudi mwanzo nikahesabu tena ili nisikosee. Safi akachora msalaba wake. Mimi nikachukua bic, na pembeni ya msalaba nikaandika thelathini na saba.